Wifi Alivyolilia Nguo Nilizofua Mimi

Wiki iliyopita niliwaacha pale wifi yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, aliposimama mbele ya darasa akasimulia maisha yangu kama yake, akapigiwa makofi. Wengi mmeniuliza, kwani wewe ulikuwa wapi? Nilikuwa kiti cha mbele. Na mimi nilipiga makofi.

Msinitukane bado. Ngoja nieleze, hasa kwa mnaoanza kunisoma leo.

Mimi ni dobi, na jina langu mtaani ni hilohilo, Dobi. Tulikuwa kwenye mafunzo ya biashara kwa wanawake vijana wa mitaa yetu. Wafadhili huiita mitaa hii "mazingira magumu". Sisi tunaiita nyumbani, ingawa ugumu wenyewe hatuukatai. Mwalimu wetu tulimbatiza Madamu Soko, kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi bila soko kuingia ndani yake.

Huyo Madamu Soko alikuwa na mtindo wake wa kufundisha. Alitupanga wawili wawili. Kila mmoja amweleze mwenzake biashara yake ilivyoanza, halafu mwenzake asimame aisimulie kama yake mwenyewe.

"Ukiweza kuuza wazo la jirani, soko litakusikiliza na lako," alisema.

Mimi akanipanga na wifi, kwa sababu tulitoka nyumba moja. Alidhani anatufanyia hisani.

Basi nikamweleza wifi kitu ambacho sikuwahi kumweleza mtu. Mume wangu alipozikwa, nilizitoa nguo zake zote sandukuni. Nikaziloweka, nikazifikicha kola na mikono, nikazitia wanga, nikazianika, zilipokauka nikazipiga pasi moja moja, nikazitundika kwenye kamba uani kama mwenyewe anarudi kesho. Sikuwa na akili ya biashara. Nilikuwa naitafutia mikono kazi ili isije ikaning'oa nywele kichwani. Mpita njia akayaona yale mashati, akauliza dobi ni nani. Nikasema ni mimi. Biashara ikaanzia hapo.

Wifi akaisimulia vizuri kuliko mimi. Darasa likalia. Ndiyo maana nilipiga makofi, mjinga mimi, nikidhani ni zoezi.

Kesho yake asubuhi akaenda kwa Madamu Soko akajiondoa kwenye biashara ya juisi aliyojiandikisha nayo. Akajiandikisha udobi. Mtu ambaye mpaka wiki ile alikuwa akishika pasi, inaunguza nguo.

Hapo ndipo tulipofikia.

Sasa sikilizeni. Wafadhili walikuwa wametupatia vyumba vya biashara kwenye jengo jipya la soko, na katika vyote hivyo kimoja tu kilikuwa na bomba la maji, sinki kubwa, na kijichumba cha nyuma mtu anachoweza kutandika godoro. Chumba cha bomba kilikuwa cha dobi. Na madobi sasa tulikuwa wawili.

Kile kijichumba cha nyuma ndicho kilichokuwa kinanikosesha usingizi. Mama mkwe alishaniambia mwisho wa mwezi nihame kwake. Nikikosa kile chumba, nimekosa pa kufulia na pa kulala kwa mkupuo mmoja.

Jumatatu Madamu Soko akaingia na tangazo.

"Ijumaa anakuja mgeni rasmi. Kila mmoja atasimama aeleze biashara yake. Halafu ataingia mteja wake, mmoja tu, aulizwe kwa nini anarudi kwake. Soko haliamini maneno ya muuzaji. Soko linaamini mteja."

"Mteja akiwa ndugu je?" mmoja akauliza.

"Ndugu hapana. Na wateja wote watasubiri nje barazani mpaka waitwe, wasije wakasikia mlichosema wakakariri."

Wifi akanyoosha mkono, kucha zimepakwa rangi nyekundu. Nilimtazama zile kucha nikajiambia, huyu na sabuni ya mche wanajuana kwa salamu tu.

"Madamu, mimi wateja ninao wengi. Nichague vipi?"

"Hao wateja umewapata lini?" nikamuuliza.

"Wifi, usianze."

"Nauliza tu. Juzi ulikuwa unauza juisi."

"Biashara hukua. Wewe hukuliandika hilo darasani? Au ulikuwa unasinzia?"

Darasa likacheka. Madamu Soko akagonga meza akasema ushindani ndio damu ya soko. Nikatamani damu yenyewe itoke puani kwa mtu.

Nilirudi nyumbani nikakuta mashuka yangu yako chini. Mashuka ya wateja, meupe, nimeyasuuza mara tatu alfajiri. Kwenye kamba kumeanikwa magauni ya wifi.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapepeta mchele kama hajaona kitu.

"Mama, nani ameangusha mashuka?"

"Upepo."

"Upepo umeangusha yangu, ukaanika ya wifi?"

Akaweka ungo chini. "Wewe mwanamke, hiyo kamba ni ya nani?"

"Ni ya nyumba, mama."

"Ilikuwa ya nyumba mwanangu alipokuwa hai. Sasa mwanangu hayupo. Wewe unakaa hapa kwa huruma yangu, na huruma yangu inaisha mwisho wa mwezi. Chumba nakitaka."

"Nakikumbuka, mama. Huachi kunikumbusha."

"Unanijibu?"

"Nakubaliana na wewe."

"Hiyo midomo ndiyo iliyompeleka mwanangu kaburini."

Mwanawe aliugua mapafu, na aliyemgeuza kitandani nilikuwa mimi. Niliokota mashuka nikayarudisha kwenye beseni, nikayafua upya kwa hasira mpaka moja likachanika pindoni. Nawaungamia, wasomaji wangu: nilipokuwa nakamua lile shuka, sikuwa nakamua shuka. Nilikuwa nakamua shingo ya mtu. Wengine mtasema mjane hatakiwi kuwa na moyo kama huo. Njooni mkae na mama mkwe wangu wiki moja, halafu tuzungumze.

Jumanne nikatoka kwenda kumtafuta mteja wa kunisemea.

Nilianza kwa Karani wa shule, mama wa blauzi nyeupe. Yule ni mteja wangu tangu mwanzo. Blauzi zake nazijua kuliko anavyozijua yeye, najua hata anakoegemea akiandika. Alinifungulia mlango nusu.

"Dobi, nguo zangu zimekauka?"

"Zimekauka na pasi nimepiga. Ila nimekuja kwa jambo lingine. Ijumaa nahitaji mteja aje aseme neno moja tu."

"Ijumaa nimeshaombwa."

"Na nani?"

"Na wifi yako." Akatazama chini. "Na hizo nguo zangu nitamtuma mtu azifuate. Usizilete."

Nikaenda kwa Kinyozi. Huyu namfulia vile vitambaa anavyowafunga watu shingoni. Alikuwa anamnyoa mtu, hakugeuka.

"Dobi, mimi nakuheshimu."

Mtu akianza hivyo, jua heshima imeisha. "Sema," nikamwambia.

"Vitambaa vyangu vinagusa shingo za watu."

"Kwani zamani vilikuwa vinagusa nini?"

"Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

Akazima mashine. Hata yule anayenyolewa akageuka kunitazama, kichwa nusu kina nywele nusu hakina.

"Wanasema unafua nguo za maiti. Na beseni ni hilohilo."

Nilishika mlango.

"Nani kasema?"

"Mtaa umesema."

Mtaa! Mtaa hauna mdomo. Kwa maisha yangu yote nilikuwa nimemweleza mtu mmoja tu habari ya zile nguo, naye alikuwa na kucha nyekundu. Nilimpa kidonda changu akakigeuza tangazo la biashara yake.

Nilizunguka mpaka jua likaniunguza utosi. Muuza dawa alisema yuko safarini, na kumbe nazungumza naye dirishani. Mwenye nyumba ya wageni alisema mashuka yake sasa yana mtu. Mwalimu mmoja wa kike alinirudishia salamu kwa mbali, kama namwambukiza.

Jioni nikamkuta wifi uani anachana nywele.

"Umewaambia watu nafua nguo za maiti?"

"Kwani uongo?"

"Zilikuwa nguo za kaka yako!"

"Kaka yangu ni maiti au siyo maiti?"

Nilimrukia. Nasema ukweli, nilivua viatu kwanza, nikamrukia. Mama mkwe akaingia katikati na mwiko, nikala mwiko wa bega, na wifi akapiga kelele mpaka majirani wakajaa ukutani kama ndio wamelipa kiingilio. Ikawa habari nyingine: Dobi amechanganyikiwa, anapiga wenye nyumba.

Alhamisi nilikuwa sina mteja. Sina kabisa.

Ndipo nikamkumbuka Seremala.

Mteja wangu huyu sikuwa nimemhesabu, kwa sababu wengi hawamhesabu. Anatengeneza majeneza. Watu wakipita mbele ya karakana yake huharakisha, na salamu zake huitikiwa kwa haraka, kama mtu anayeitikia hodi kwenye mlango ambao hataki kuufungua. Namfulia maovaroli, na kazi yake siipendi: gundi, vanishi, vumbi la mbao mpaka ndani ya mshono. Gundi ukiitia maji ya moto umekwisha, lazima uigandishe kwanza, uibandue kwa kucha, ndipo uloweke.

Nilimkuta anapiga randa.

"Fundi, umesikia wanavyonisema?"

"Nimesikia."

"Na wewe umeniletea nguo jana."

"Nizipeleke wapi?" Akapuliza vumbi. "Mimi nikiogopa nguo za maiti, nitakula nini?"

Nilicheka. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka wiki ile, na kicheko kikageuka kilio hapohapo juu ya mbao zake. Akaniacha nilie, akaendelea na randa. Wanaume wangeiga hiyo tabia dunia ingepumua.

Nilipomaliza nikamwomba aje.

"Nitakuja," akasema. "Lakini mimi nitasema kweli, na nitaisema yote."

"Yote ipi?"

"Na kifungo."

Nilikuwa nimempotezea kifungo cha koti. Tangu hapo kila akileta nguo lazima akitaje.

"Kitaje tu, fundi. Ila uje."

Ijumaa ikafika.

Ukumbi ulipambwa maputo. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, na pembeni yake mpiga picha aliyekuwa akizunguka na kamera kama nyuki. Wazazi na ndugu walikaa nyuma. Mama mkwe alikaa nao, amevaa vazi lake la sherehe, lile ambalo pasi nilipiga mimi.

Wateja wakawekwa barazani, mlango ukafungwa.

Wifi aliitwa kabla yangu. Alisimama amevaa nyeusi, juu mpaka chini. Kaka yake tulimzika zamani, na siku ya maziko yeye alivaa njano kwa sababu alikuwa amenuna. Leo ndio msiba ulikuwa umemfikia.

"Mgeni rasmi," akaanza, sauti inatetemeka, "biashara yangu ilianza na kifo."

Nikajua.

"Kaka yangu alipozikwa, nilitoa nguo zake sandukuni. Nikaziloweka. Nikafikicha kola na mikono..."

Neno kwa neno! Hata yule mpita njia aliyeuliza dobi ni nani alikuwamo. Kwa majirani ile habari ilikuwa uchafu wa kunikimbizia wateja, na kwa mgeni rasmi imekuwa machozi ya kuombea chumba. Mgeni rasmi akatoa kitambaa akajipangusa macho. Mpiga picha akapiga magoti amnase wifi na chozi lake.

Nikasimama. "Hayo ni yangu!"

"Dobi, kaa," Madamu Soko akasema, meno ameyabana.

"Madamu, wewe mwenyewe uliyasikia darasani!"

"Nilisikia yeye akiyasimulia. Kaa, tafadhali. Tusiaibishane mbele ya soko."

Wenzangu wakaguna. Mmoja akasema wivu utaniua. Nikakaa.

"Aingie mteja," mgeni rasmi akasema.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Karani na blauzi yake nyeupe. Hakuwa amesikia lolote, masikini. Akasimama wima kama yuko kwa mkuu wake wa shule.

"Kwa nini unampelekea nguo dada huyu?" mgeni rasmi akamuuliza kwa upole.

"Kwa sababu ya usafi," Karani akasema kwa sauti kubwa. "Huyu hafui nguo za maiti."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Unasema?" mgeni rasmi akauliza.

"Hafui nguo za maiti. Mwanzo nilikuwa kwa Dobi, yule pale. Dobi alifua nguo za mumewe aliyekufa, zote, akazianika uani. Ndipo dada huyu akatuambia. Akasema yeye hawezi hata kuzigusa, atatapika."

Mgeni rasmi akamtazama wifi. Akamtazama Karani. Akarudisha kitambaa mfukoni.

Wasomaji wangu, sijui peponi kukoje, lakini dakika ile nilichungulia mlangoni. Karani alianza kuelewa kwamba kuna kitu kimeharibika, akawa anarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea mlangoni.

"Aje Dobi," mgeni rasmi akasema.

Sikuwa na hotuba tena. Nilisema tu, "Mama, yale uliyosikia ni yangu. Sina la kuongeza. Mimi nafua, napiga pasi, na nguo ya mtu nairudisha kwa mwenyewe. Muulizeni mteja wangu."

Seremala akaingia. Watu wa viti vya mbele wakasogeza miguu yao, wasiguswe na suruali yake.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Majeneza."

Mpiga picha akashusha kamera.

"Na kwa nini unarudi kwa Dobi?"

"Anajua kutoa gundi," Seremala akasema. "Ana kasoro moja, alinipotezea kifungo cha koti. Sijasahau. Lakini gundi anaitoa na nguo haiungui. Na jambo jingine. Jeneza la mumewe nilitengeneza mimi. Nilipolipeleka pale nyumbani, alinikabidhi shati la kumvalisha, amelifua na kulinyoosha mwenyewe usiku ule, pasi bado ya moto mezani. Na baada ya maziko nilipita pale, nikayaona yaliyobaki kwenye kamba. Mimi ndiye niliyeuliza dobi ni nani."

Nilimgeukia. Mpita njia wangu! Siku ile sikumtazama usoni, macho yangu yalikuwa yamevimba, na yeye miaka yote hiyo hakuwahi kulisema. Alikuwa analeta maovaroli, anadai kifungo, anaondoka.

"Binti," mgeni rasmi akamgeukia wifi, na sauti yake sasa haikuwa ya upole. "Umetudanganya?"

Nikasubiri aanguke. Nilitaka aanguke. Nilitaka asikie ninavyosikia mimi kila asubuhi kwenye ule ua.

Wifi akapiga magoti. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akaachia kilio ambacho hata mimi kilinishtua.

"Alikuwa kaka yangu! Kaka yangu wa pekee! Tulifua wote, mimi na wifi, beseni moja! Nikikumbuka nachanganyikiwa, sijui lipi langu lipi lake!"

"Mwongo!" nikasema.

"Ni kweli."

Sauti ilitoka nyuma. Mama mkwe alikuwa amesimama, mkono kifuani.

"Ni kweli, mgeni wetu. Mimi ndiye mama wa marehemu. Hawa wawili walizifua zile nguo pamoja, mbele ya macho yangu. Huyu wa pili ana hasira, msimlaumu, ujane ni mgumu. Lakini ni wanangu wote."

Wanangu! Mwiko wake ulikuwa bado umeniachia alama begani.

"Mama, apa," nikamwambia. "Apa hapa hapa."

"Umeona hasira hiyo?" mama mkwe akamwambia mgeni rasmi kwa huzuni.

Mgeni rasmi akatutazama kwa zamu: mzee aliyesimama, mmoja aliyepiga magoti, mmoja aliyekunja uso. Nikaona macho yake yanalainika tena. Nikaona kitambaa kinatoka tena mfukoni. Nikasema moyoni, Mungu wangu, hapana.

"Madamu," akamwambia mwalimu wetu, "katika miaka yote ya kazi hii sijasikia kitu kama hiki. Familia iliyofiwa, na kutoka kwenye beseni la msiba ikazaliwa biashara. Wawili hawa hawashindani. Wawili hawa ni kampuni moja!"

"Soko linapenda umoja," Madamu Soko akadakia.

"Chumba cha bomba ni chao wote wawili. Pamoja."

Ukumbi ukalipuka makofi na vigelegele. Seremala peke yake hakupiga. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, akarudi zake barazani.

"Sitaki," nikasema.

Mgeni rasmi hakunisikia kwa vigelegele. Madamu Soko alinisikia. Akanisogelea sikioni.

"Dobi, tumia akili. Ukikataa, chumba ni chake peke yake, maana yeye hajakataa. Wewe utalala wapi?"

Alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua. Na swali lenyewe lilikuwa halina jibu.

Nikameza mate. Niliyameza pamoja na lile shati, na mwiko, na kila kitu. Nikajiambia, kijichumba cha nyuma nitaweka godoro langu mimi. Yeye na kucha zake hatakaa kwenye maji hata wiki. Atachoka, ataondoka, nitabaki. Nivumilie.

"Sawa," nikasema. "Nakubali."

"Oh, kumbatianeni!" mgeni rasmi akasema. "Kumbatianeni tupate picha."

Wifi akainuka, magoti yake yamejaa vumbi la ukumbi, machozi hata hayajakauka. Akafungua mikono. Nikaenda. Nilimkumbatia kama mtu anavyokumbatia gunia la mkaa, kwa kuwa lazima libebwe. Mpiga picha akapiga magoti. Mwanga ukatumulika.

Ndipo wifi akaniwekea mdomo sikioni, akaniambia taratibu, kwa sauti tamu:

"Ulipotoka asubuhi, mama alimwingiza mpangaji mpya. Vitu vyako viko barabarani. Na kile kijichumba cha nyuma usikiwazie, wifi. Nimeshawaambia wafadhili ni changu, na wamekubali, kwa sababu niliwaambia wewe una kwenu."

Nilijitoa kifuani kwake. Alikuwa anatabasamu na macho yamelowa. Kule nyuma mama mkwe alikuwa anapokea pongezi za wageni kwa mikono miwili.

"Hiyo haikutoka vizuri," mpiga picha akasema. "Rudieni. Na huyu dada wa kushoto acheke kidogo."

Wifi akafungua mikono tena.

Mimi nikainama, nikavua viatu.